Bei Niliyoshindwa Kuitaja

Mgeni akiambiwa kwamba ninaishi Garissa na kwamba ninakula kwa kurekebisha mifarishi, hucheka. Mji huu una joto la kumfanya mtu ahamishe kitanda uani kutafuta upepo. Nani ajifunike mfarishi?

Hatujifuniki. Tunautandika. Bibi harusi wa kwetu hawezi kuingizwa chumba ambacho kitanda chake hakina mfarishi mnene wa mahameli, wenye nakshi katikati na mito inayofanana nao. Wanawake wanaokuja kumpongeza hukitazama kitanda kwanza, ndipo wamtazame yeye. Mifarishi hiyo, ambayo wengi hapa huiita duveti hata kama si duveti, hutoka Dubai na Uturuki kupitia maduka ya Islii kule Nairobi. Imeshonwa kwa vitanda vya watu wengine. Vitanda vyetu huchongwa na maseremala wa hapahapa, na kila seremala ana kipimo chake. Basi mfarishi ukifika nyumbani huburuta vumbi upande huu, au nguzo za kitanda huusukuma ukajikunja pembeni kama sikio la mbuzi. Hapo ndipo unapoletwa kwangu.

Sikuanza kazi hii kwa kuipenda. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Alikuwa akinunua ng'ombe na mbuzi huko Bute, kaskazini mwa Wajir, akiwashusha hadi soko la Garissa, na wengine wakipandishwa malori kwenda Nairobi. Tulikuwa na nyumba yetu yenye geti. Wageni walikuwa hawakatiki, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wale wanawake wanaoagiza mfarishi Islii na kulalamika kwamba rangi yake si ile niliyoonyeshwa kwenye simu. Kisha mvua ikakosa, ikakosa tena, na mifugo aliyokuwa ameinunua kwa pesa zake na za watu ikafa malishoni kabla haijafika sokoni. Tuliuza gari, halafu nyumba, ili wenye pesa zao warudishiwe. Tukahamia vyumba viwili vya kupanga mtaani Waberi.

Cherehani ya miguu niliyopewa na mama yangu nilipoolewa ilikuwa imekaa miaka mingi kama pambo, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Katika vyumba vile viwili haikuwa na mahali pa kuwa pambo. Siku moja nilifumua mfarishi wangu mkubwa wa zamani nikaukata ukawa miwili midogo ya binti zetu, waende nayo shule ya bweni. Jirani aliuona ukianikwa. Wiki hiyohiyo akaniletea wake. Kisha akaja dada yake, kisha shemeji ya dada yake.

Sindano ilinitii. Mdomo ndio uliokataa.

Aliyewahi kushona gauni anajua kwamba bei yake inajulikana mtaa mzima. Mteja huleta kitambaa, akaondoka na gauni, na kila mtu anaona kilichofanyika. Mfarishi uliokwisha kushonwa ni jambo jingine. Mteja anakuletea kitu kizima na anaondoka na kitu kilekile, ila kidogo zaidi. Haoni kwamba ulifumua ukingo wote wa utepe pande nne bila kuurarua, kwa sababu utepe wa rangi ile haupatikani hapa. Haoni kwamba nakshi ilitakiwa kubaki katikati, kwa hiyo hukukata upande mmoja tu, ulikata pande mbili kwa kipimo kimoja. Haoni pamba uliyoipunguza kwa vidole ili pindo lisivimbe, wala bandi ulizopiga kwa mkono kwa sababu cherehani ilikataa kumeza mahameli na pamba kwa pamoja. Anaona umekata tu. Na kukata, nani hajui kukata?

Lakini nisiwalaumu wateja. Wao walikuwa wakiuliza, "Pesa ngapi?" na mimi nilikuwa nikitazama chini na kusema, "Utakachojaaliwa, walaalo." Walaalo kwetu ni dada au ndugu, na nililitumia neno hilo kujificha nyuma yake. Wengi wao walikuwa wanawake waliokula kwangu. Nilipowaza kunyoosha mkono mbele yao niliona geti letu la zamani, niliona sinia za wali zikitoka jikoni kwangu, na uso ukawaka moto. Nikisema "utakachojaaliwa," nilijiona bado ni yule mwenye nyumba anayemfanyia mgeni hisani. Basi walitoa walichojaaliwa. Mmoja alileta kilo ya sukari. Mmoja alileta nyama ya ngamia, na nashukuru, tuliila. Mwingine alinipa noti moja ya mia mbili kwa kazi iliyoniumiza mgongo kwa siku mbili, akasema, "Kanunue soda, abaayo," yaani dada, "umechoka."

Mteja mmoja tu alinikasirikia. Alikuwa muuguzi wa kutoka Meru, aliyekuwa akifanya kazi hapa mjini. Kiswahili changu ni cha shuleni, lakini ulimi ni wa kwetu, na herufi nyingine hunishinda nikiwa na wasiwasi. Nilimweleza kwamba "bamba" ya mfarishi wake imeganda upande mmoja.

"Bamba la nini?" aliuliza, akiugeuzageuza mfarishi kana kwamba kuna bati ndani yake.

Tulipoelewana kwamba ni pamba, tulicheka wote wawili. Kisha akauliza bei, nami nikasema utakachojaaliwa.

Akaacha kucheka. "Mama, mimi sijui hayo mambo ya kujaaliwa. Nikikupa kidogo utanung'unika nikiondoka. Nikikupa nyingi nitanung'unika mimi. Niambie pesa ngapi."

Sikuweza. Akaweka pesa juu ya cherehani, akaenda zake. Hakurudi tena. Sikujua kama alinipunja au alinizidishia, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua kazi yangu ni ya kiasi gani.

Mume wangu alikuwa akiyasikia haya yote kutoka chumba cha ndani. Tangu mifugo ilipokufa alikuwa ameacha kwenda sokoni. Alisema hana la kufanya huko, lakini nilijua haogopi kukosa la kufanya, anaogopa macho. Mteja akibisha hodi, yeye huingia ndani na kufunga mlango polepole, ili asionekane akiwa nyumbani saa za kazi wakati mkewe anashonea watu. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Katika vyumba viwili, tuliishi kila mmoja na aibu yake, tukipishana nazo kwa adabu.

Kisha akaja rafiki yangu.

Tulikuwa majirani katika mtaa wetu wa zamani, geti kwa geti. Watoto wetu walikua pamoja. Mume wake ana maduka, na ukame haukuwagusa. Baada ya sisi kuhama alikuja mara moja kutuona, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akaondoka mapema. Sikumlaumu, nilidhani ameona haya kwa niaba yangu. Sasa alisimama mlangoni akiwa na mifarishi mitatu ndani ya mifuko yake ya plastiki yenye zipu, bado ina harufu ya dukani.

"Binti yangu anaolewa," alisema, akanikumbatia. "Na kitanda kimekuja kibaya. Nguzo nne, tena nene. Nimeambiwa mjini hapa hakuna anayejua kukata pembe za mfarishi isipokuwa wewe."

Nilifurahi kama mtoto. Tulitandaza ule wa kwanza sakafuni. Mahameli ya rangi ya zabibu, nakshi ya nyuzi za dhahabu katikati, pamba nene. Ilitakiwa kila mmoja upunguzwe pande mbili, kisha pembe za chini zikatwe na kuzungushiwa utepe ili mfarishi ushuke vizuri kila upande wa nguzo. Na mapande yatakayobaki yawe foronya sita za mito. Nilijua tangu mwanzo kwamba ni kazi ya sindano ya mkono mwanzo hadi mwisho.

"Nipe bei," alisema.

"Baina yetu?" nilicheka. "Wewe utatoa utakachotoa."

"La, sema."

"Nimeshasema."

Alinitazama kidogo. Hata leo nakumbuka alivyonitazama, kwa upole fulani ambao sikuuelewa. Kisha akasema, "Sawa, walaalo. Mungu akubariki," na akaenda.

Kazi ile niliifanya kwa namna ambayo sijawahi kumfanyia mtu. Nilivaa kastabini mpaka ikaniachia alama kidoleni. Pembe zilinisumbua, kwa sababu mahameli ikikatwa kwa mshazari hutambaa, na ukivuta uzi kidogo tu pembe nzima hukunja uso. Nilifumua pembe moja mara kadhaa. Nilipomaliza niliitandaza yote mitatu juu ya kitanda chetu, ambacho hakina nguzo hata moja, na mume wangu alitoka ndani akasimama kuitazama. Akapitisha kiganja juu ya nakshi kama alivyokuwa akipitisha kiganja juu ya mgongo wa ng'ombe kabla ya kumnunua.

Rafiki yangu alipokuja kuchukua, alisifu, akashukuru, na tulipopeana mikono ya kuagana alinitilia noti zilizokunjwa. Sikuzitazama mbele yake. Alipoondoka nilizifungua. Zilikuwa shilingi elfu kumi.

Nilikaa chini. Nilijiambia: kumbe kazi yangu inajulikana. Kumbe watu wenye kuelewa wapo, na si lazima mtu ataje bei, mwenye macho ataona. Nililipa kodi ya nyumba iliyokuwa imechelewa. Nililipa duka la unga. Zilizobaki, ambazo hazikufika nusu, niliziweka.

Siku ya harusi nilivaa dirac yangu nzuri kuliko zote, lile gauni jepesi refu la sherehe, nikajipaka hina, nikaenda na kichwa juu. Wanawake walikuwa wengi, uvumba umejaa nyumba nzima. Tuliingizwa kukiona kitanda kwa makundi. Nilijifanya sijui chochote, nikasimama nyuma nikisikiliza. "Hizi pembe!" mmoja alisema. "Kama zimezaliwa hivi." Nilikunja midomo ili nisitabasamu.

Baadaye nilikuwa nimekaa na sahani ya wali mapajani, pamoja na wanawake wengine, shangazi wa rafiki yangu alipokuja kukaa karibu nami. Ni mama mtu mzima, mcha Mungu, asiyemsema mtu vibaya. Wote tunamwita eeddo, shangazi, hata sisi tusio wa damu yake. Alinishika goti.

"Mwanangu, hali zenu zikoje sasa?"

"Alhamdulillahi, eeddo."

"Mungu atafungua. Mimi ndiye niliyemwambia mpwa wangu. Nilimwambia, zaka ya mwaka huu usiipeleke mbali, anza na wale unaowajua, watu walioanguka na hawaombi. Akasema ameshampata, na ameshampa." Alinipigapiga goti. "Msione haya. Ni haki yenu. Mungu amewawekea."

Alisema kwa sauti ya chini, lakini wanawake wawili waliokaa karibu waliacha kutafuna. Mmoja wao alinitazama kwa upole uleule niliouona mlangoni kwangu. Na hapo nikauelewa.

Sikumbuki nilijibu nini. Nadhani nilisema amina. Nakumbuka kwamba tonge la wali lilikuwa limeshaingia mdomoni, na kwamba nililitafuna kwa muda mrefu. Nilihisi dirac yangu nzuri inawachekesha watu. Kwa muda wote ule nilikuwa nimesimama chumbani nikijivuna kimoyomoyo, na kumbe wanaojua walikuwa wakimwona masikini aliyekuja kula harusini kwa mfadhili wake. Niliosha mikono, nikaaga, nikatoka. Rafiki yangu alinifuata mpaka mlangoni na kifurushi cha halua. Nilikipokea. Sikuwa na nguvu ya kukikataa.

Njia nzima nilitafuta wa kulaumu na sikumpata. Shangazi hakunitukana. Rafiki yangu aliniuliza bei, nikakataa kumwambia, akaniomba tena, nikakataa tena. Kwake yeye maana yake ilikuwa moja: nimemshonea kama zawadi ya harusi ya binti. Akaipokea zawadi yangu, kisha akanipa zaka yake. Hakukuwa na kazi wala malipo. Kulikuwa na wanawake wawili waliopeana hisani, na mmoja wao hakujua.

Nilimweleza mume wangu nikiwa nimesimama, sijavua hata ushungi. Nilitegemea atakasirika. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulimtajia bei?"

"La."

"Basi hakukosea." Kisha akasema, "Zaka si malipo. Mtu akikudai kazi yake, huwezi kumlipa kwa zaka. Hilo hata yeye analijua. Ila wewe hukumdai."

Nililia, na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema bila hasira.

Asubuhi, baada ya swala, alikuja akakaa kwenye mkeka karibu na cherehani, mahali ambapo hajawahi kukaa. Akaniomba shali yangu. Wasioijua biashara ya mifugo ya kwetu inafaa niwaeleze: wanyama hawauzwi kwa mdomo. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya kitambaa, na vidole ndivyo vinavyosema. Kidole kimoja ni elfu, viwili ni elfu mbili, kiganja kizima ni elfu tano, na waliosimama karibu hawajui kilichosemwa. Mume wangu alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu ujana wake.

Aliifunika mikono yetu kwa shali. "Mfarishi mmoja," alisema. "Kupunguza pande mbili. Niambie."

"Sijui."

"Unajua. Ukingo wa utepe unaufumua kwa muda gani?"

"Asubuhi nzima."

"Kibarua wa mjengo analipwa kiasi gani kwa asubuhi nzima?"

Nilimwambia. Akaendelea kuuliza: uzi, pembe, kushona utepe upya, ukiharibu mahameli ya mtu nani atalipa. Hilo la mwisho sikuwa nimeliwaza hata siku moja. "Mimi nikimshika ng'ombe wa mtu kumpeleka Nairobi, njia ni ya kwangu," alisema. "Akivunjika mguu nimevunjika mimi. Hiyo nayo ina bei. Haya, bonyeza."

Nilibonyeza kidole kimoja.

Alitikisa kichwa. "Mbona kimelegea? Mnunuzi akikishika kidole kama hiki anajua umeshakata tamaa."

Nilibonyeza tena, nikaongeza nusu ya kidole. Elfu moja na mia tano kwa mfarishi mmoja. Mkono wake ulikuwa umeushika wangu chini ya shali, na nikaona macho yake yamejaa maji. Sijui alikuwa akinililia mimi au soko lake.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa rafiki yangu. Nilichukua zile pesa zilizobaki. Nilikuwa nimejipangia njia nzima: bei yangu ni elfu nne na mia tano kwa yote mitatu, alinipa elfu kumi, kwa hiyo nimrudishie elfu tano na mia tano, naye ampe anayestahiki zaidi. Tatizo ni kwamba sikuwa na elfu tano na mia tano. Nilikuwa na elfu nne tu.

Alikuwa peke yake, nyumba bado imejaa viti vya kukodi. Nilikataa chai, jambo ambalo kwetu peke yake ni habari mbaya. Niliweka noti juu ya meza.

"Hizi ni zako. Nyingine nitakuletea."

"Za nini?"

"Eeddo aliniambia pesa ulizonipa ni zaka."

Alifunika mdomo kwa kiganja. Uso wake ulibadilika, na niliona kwamba aibu haikuwa yangu peke yangu chumbani mle. "Hakupaswa kusema. Wallahi sikutaka ujue."

"Na wanawake wengine wawili walisikia."

"Wallahi sikutaka."

"Nilikushonea kazi," nilisema. "Nilitaka unilipe kazi."

"Nilikuuliza bei! Mara mbili! Ulikataa kunijibu." Sauti ilipanda, kisha ikashuka. "Nilidhani umenitunza, zawadi ya harusi. Nikasema, mtu hana kitu, na bado anamtunza binti yangu. Nililia nilipofika nyumbani. Sasa unanirudishia zaka. Nimekukosea nini? Kwani hamna shida?"

Nilitazama vile viti. Ningeweza kusema hatuna shida. Ulimi ulikuwa umeshaanza.

"Tunayo," nilisema. "Zaka yako nimeshalipia kodi na unga."

"Basi?"

"Basi shida ni yangu, na kazi ni yangu. Nilipe kazi kwanza. Ukitaka kunipa zaka, niambie ni zaka, nijue ninachokipokea."

Alikaa chini mkabala nami. Alikuwa ameanza kufikiri, na alipofikiri nilimwona tena yule jirani yangu wa zamani, mwanamke asiyeacha hesabu ipinde. "Nia yangu ilikuwa zaka," alisema polepole. "Siwezi leo kuigeuza ikawa mshahara wa fundi. Itakuwa sikutoa zaka. Kwa hiyo kazi bado sijalipa. Ni kiasi gani?"

Hakukuwa na shali ya kufunika mkono.

"Elfu moja na mia tano kwa kila mmoja."

Nilisema, lakini sauti ilikatika kwenye "mia," ikabidi niseme tena.

"Elfu moja na mia tano?" alisema. "Abaayo! Islii wanakata kwa elfu moja."

"Islii wanakata upande mmoja. Nenda ukaangalie nakshi zao zimekaa wapi."

"Elfu moja na mia mbili."

"Na pembe? Na mito sita?"

"Mito ulitumia mapande yangu."

"Na mikono yangu."

Alicheka kwanza yeye. Tukakubaliana elfu moja na mia tatu. Tangu tuhame hakuwahi kuzungumza nami kwa sauti ile, ya kubishana, bila kuchagua maneno kama anayetembea karibu na mgonjwa. Akaingia ndani akaleta elfu tatu na mia tisa, akazihesabu mkononi mwangu, akasema wazi, "Haya ni malipo ya kazi." Kisha akazisukuma zile elfu nne za mezani upande wangu. "Na hii ni zaka. Imeshatoka kwangu, hairudi. Ikiwa hamstahiki, mpe anayestahiki. Hilo ni lako na Mungu."

Nilirudi Waberi nikiwa nimezibeba pesa mbili mbalimbali, za kazi ndani ya mkoba, na za zaka nimezifunga kwenye pindo la nguo. Nilikwenda kurudisha, nikarudi na nyingi zaidi, na jina la mpokea zaka nimelikiri kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilimweleza mume wangu nikitarajia aseme tuzitoe kwa wengine. Alifikiri, akasema, "Tunastahiki," akazipokea. Zilitufikisha mpaka binti zetu walipofunga shule. Sijawahi kuona tendo la ujasiri kwake kubwa kuliko neno lile moja, na sijawahi kuona haya kama nilivyoona nikilisikia.

Natamani kusema kwamba tangu siku hiyo nilipona. Sikupona. Nilianza kutaja bei, na baadhi ya jamaa wakaacha kuja. Mmoja alinisema kwenye harusi nyingine kwamba nimekuwa dukawalla, mwenye duka asiyejua undugu. Wengine walibaki, na wengine wapya wakaja kwa sababu sasa walijua wanachokwenda kulipa. Rafiki yangu alituma watu wawili kwangu. Yeye mwenyewe huja, tunakunywa chai, lakini kuna kitu kati yetu ambacho hatukigusi, na nadhani kitabaki hapo mpaka mmoja wetu azikwe. Mume wangu alirudi sokoni, si kwa mifugo yake bali kuwa dalali wa mifugo ya wengine. Wiki za kwanza alitoka nyumbani alfajiri ili asionwe njiani.

Juzi alikuja mwanamke kutoka Masalani, amefunga safari ndefu na mfarishi wa marehemu mama yake, wa vipande vya nguo mbalimbali, ulioshonwa kwa mkono. Dada zake watatu wanautaka. Aliniuliza kama unaweza kugawanywa bila kuharibika. Niliukagua kipande kwa kipande, nikamweleza utakapokatwa, utakapoongezwa utepe, na wapi mshono wa mama yake utabaki kama ulivyo. Akauliza bei.

Uso uliniwaka moto, kama kawaida. Nilimtajia nikiwa namtazama.

Alihesabu vidoleni, akasema itabidi awapigie dada zake kwanza. Akaomba maji ya kunywa, akatoka uani na simu yake. Nilikaa nikimsikia akiitaja bei yangu kwa watu nisiowajua, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti kubwa.